Milimita Mbili za Mke wa Cheche

Benchi ni ubao juu ya matofali, nje ya duka la fundi cherehani. Saa tatu na nusu asubuhi Cheche, mchomelea mageti, aliketi hapo na kahawa asiyoinywa. Miaka saba ya ndoa, hawajapata mtoto. Wiki iliyopita mkewe alipigwa ultrasaundi: utando wa ndani ya mfuko wa uzazi, milimita sita. Daktari anataka nane ndipo apandikize kiinitete. Leo anapimwa tena.

— Sita? — Plasta, mwashi, alitoa futi kamba. — Hiyo hata ukuta wa choo haitoshi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi acheni ufa, shemeji ajenge!

— Saruji imekupanda kichwani, — alisema fundi cherehani, aitwaye Bitana. — Ule si ukuta, ni kitambaa cha ndani ya koti. Kikiwa chepesi, mtoto atapigwa baridi.

— Daktari aliona mistari mitatu kwenye skrini, — alisema Cheche. — Eti dalili njema.

— Mitatu? Mshono wa jinzi huo! Haufumuki.

— Tatizo ni mashine, — Plasta alidakia. — Inapima kwa sauti. Ukipigia plasta mbichi makelele kila wiki, si itadondoka? Mwambie daktari apunguze sauti.

— Tena wampime mchana. Mimi mteja simpimi kiuno kabla hajala.

— Akishiba, nane anafika? — aliuliza Plasta.

— Kumi na mbili! Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Cheche alicheka nao. Milimita mbili. Kwenye geti huziondoa kwa tupa bila kufikiri.

Mama mmoja aliyefuata gauni lake alikuwa amesimama mlangoni, akisikiliza.

— Samahani, kaka zangu. Huko hospitali, huyo dada kaenda na nani?

Plasta alimtazama Bitana. Bitana alitazama cherehani yake. Alfajiri mke wa Cheche alimwambia mumewe, “Kama una kazi, usijali,” naye Cheche akajibu kwamba anayo. Hakuwa nayo. Hakutaka tu kuwapo namba ikisomwa.

Alisimama, akaondoka mbio.

— Wee Cheche! Haraka haraka haina baraka! — Plasta alimpigia kelele.

— Hebu nyamaza, — alisema Bitana. — Kipimo ni saa nne.