Askari Aliyemwandika Mdogo Wake Kitabuni

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Agosti 1961, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mama muuza mkaa, katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa maswali. Siku moja mama alimshika sikio kwa ajili ya sukari iliyopungua, naye akasema, "Mama, kwanza niambie kosa langu, halafu unisikilize, ndipo unipige." Mama alicheka mpaka akamwachia. Sukari alikuwa ameila kweli.

Alianza shule mwaka 1968 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1979. Nyumbani palikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja tu, akasoma yeye. Mdogo wake wa kike alibaki kupima mkaa. Kosa halikuwa la marehemu, ingawa jambo hilo lilimuuma mdogo wake na linamuuma bado. Jioni marehemu alimsomea vitabu vyake kwa sauti, hata vya hesabu, ambavyo havikuwa na utamu wowote.

Mwaka 1982 aliajiriwa polisi. Kwa miaka kumi na minne alikaa kaunta ya kituo, mbele ya kitabu kikubwa ambamo kila anayekamatwa huandikwa jina, kosa na saa aliyoingia. Wenzake walimwita Saa Kamili, maana hakukubali kuandika "asubuhi hivi".

Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili. Siku ya kuposa alimuuliza mara tatu kama amekubali kwa hiari yake. Wifi yetu akamjibu, "Kwani unanioa au unanichukua maelezo?" Walijaliwa watoto watatu.

Hapa kuna jambo la kuwekwa sawa, kwa sababu hata jana, kwenye kuosha vyombo, mtu alinong'ona, "Si ndiye yule aliyemfunga mdogo wake?"

Tarehe 9 Oktoba 1996 mdogo wake, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, aliletwa kituoni kwa kusingiziwa wizi wa mkufu wa mwajiri wake. Alipomwona kaka yake kaunta, moyo ukatulia. Akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, usiniandike. Nipitishe mlango wa nyuma, niende zangu." Kaka alifungua kitabu. Aliandika jina, akatazama saa ya ukutani, akaandika: saa nane na dakika ishirini mchana. Dada akamwita msaliti mbele ya watu wote.

Kumbe mkuu wa kituo, rafiki wa mwenye mkufu, alikuwa ameshaagiza vilevile: asiandikwe, akae ndani mpaka akiri. Sheria ilitaka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne. Lakini asiyeandikwa, nani atajua aliingia lini? Mle mahabusu dada alimkuta muuza mboga mwenye siku kumi na tisa, ambaye jina lake halikuwa popote.

Kesho yake, kabla saa nane haijafika, alisimama mbele ya hakimu. Hakimu aliuliza ushahidi, haukuwepo, akamwachia. Mkufu ulipatikana baadaye kwenye mfuko wa koti la mwenyewe. Mwajiri huyo hajaomba radhi mpaka leo, na kazi haikurudi.

Asubuhi ileile marehemu alimwandika na yule muuza mboga pia. Wiki hiyo alihamishiwa ghala la mali zilizookotwa, akalinda baiskeli zisizo na minyororo kwa miaka ishirini, cheo kilekile, hadi alipostaafu mwaka 2016.

Mdogo wake hakuyajua hayo. Mwaka 1999, kwenye mazishi ya mama, alisimama akawaambia watu kwamba kaka yake alimtia ndani kwa mkono wake mwenyewe. Marehemu alitazama chini. Mwaka 2005 yule muuza mboga alikutana na dada sokoni, akamweleza alivyomsikia, kupitia dirisha la mahabusu, mkuu akimfokea marehemu: "Nilikwambia usimwandike!" Siku hiyohiyo dada alikwenda kwa kaka yake. Walikula, wakazungumza habari za watoto, na hakuna aliyeligusa jambo lenyewe.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Wodini, mwezi uliopita, mdogo wake alimuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

"Nisingekuamini."

"Basi."

"Basi nini? Ungesema hata mara moja, nikatae mwenyewe."

"Hapo umenishinda," akasema, na wote wawili wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwatuliza.

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa kumi na dakika kumi jioni, mkewe akiwa ameushika mkono wake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake wa kike. Huyo ndiye aliyesema uongo juu yake msibani, mbele ya wengi mliopo hapa, bila kujua kuwa ni uongo. Na tangu alipojua, miaka kumi na tisa, alinyamaza kwa aibu. Aliyemfunga alikuwa mwingine. Kaka yake ndiye aliyemtoa.

Mungu amlaze pema. Na atakayenong'ona tena, amfuate dada huyo, ndiye anayewasomea haya, nyumbani kwake, amuulize mwenyewe.