Daktari Mutahi Kingori, Aliyeshuku Kila Picha

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi Ngatia niwasomee maisha ya baba yetu, na kwa kuwa hakuamini neno la mtu mmoja, tarehe hizi mama yetu Wachuka amezihakikisha mara mbili.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1928 huko Tetu, akasoma shule ya misheni, kisha Kabete alikosomea utabibu wa mifugo, na mwaka wa 1958 akaanza kazi Nyeri mjini. Tarehe 5 Agosti 1961 alimwoa Wachuka, wakajaliwa Murugi, mimi na Wamucii.

Mwaka wa 1966 aliletewa mbwa mdogo kutoka Timau, mwenye kikohozi cha mlio wa bata, akampiga eksirei, picha ikaonyesha koo la hewa liko wazi, na wiki hiyo hiyo mbwa akafa kwa kukosa hewa. Tangu hapo alimpiga kila mbwa mwenye kikohozi hicho picha mbili, moja akivuta pumzi na nyingine akitoa, kwa kuwa koo dhaifu huweza kuwa wazi pumzi ikienda upande mmoja na kubanwa ikienda upande mwingine, kisha akamlaza kwa dawa na kuchungulia kooni kwa mrija wenye taa, akapima yote kwa rula, na mara nyingi majibu hayakupatana. Mama ndiye aliyewashika mbwa hao, akiangalia mbavu zao na kumwambia lini apige.

Shaka hiyo aliileta nyumbani, akapima upya sukari ya dukani, akaonja maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, na mchumba wa Murugi akahojiwa siku mbili tofauti. Mama alichoka nayo, na hakuficha.

Mwaka wa 1982, tukiishi mtaa wa Skuta hapo Nyeri, alianza kukohoa. Hospitalini alipigwa picha moja, akaambiwa koo ni zima, na mama akamuuliza, "Hiyo picha walipiga ukivuta pumzi ama ukitoa?" Baba akairudisha kwenye bahasha, akasema madaktari wanajua kazi yao. Mama alijua hapo hapo, kwa sababu mtu aliyeshuku hata maziwa yake hawezi kuridhika na picha moja, isipokuwa jibu la pili analo tayari, na hataki mkewe alione.

Alituacha tarehe 3 Novemba 1983.

Tunawashukuru madaktari, majirani wa Skuta na wenzake wa kazini. Mama ameomba niseme kwamba alijua, na kwamba alinyamaza kwa kuwa baba alitaka hivyo.

Lala kwa amani, baba, hakuna wa kukupima tena.