Mama Happy wa Udobi na Ng'ombe Wake Kumi na Mmoja

Tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Ida Lucas, Mama Happy wetu, anastaafu baada ya kufua mashuka ya Hoteli ya Tulia Msafiri, hapa Mikumi, kwa miaka ishirini na minane na miezi saba. Aliingia Machi 1997 kama dobi wa muda, miezi mitatu tu. Hakuna aliyekumbuka kumwambia muda umekwisha.

Enzi hizo tulikuwa na vyumba tisa, na mashine ya kufulia ilikuwa mikono yake. Akitazama shuka tu alijua dereva wa lori kalala na buti. Jioni alimsubiri mlangoni: "Shikamoo baba. Leo buti utavua?" Siku nyani walipoiba foronya kambani, aliwakimbiza hadi barabara kuu na ndoo mkononi. Foronya nne zilirudi. Ya tano, nyani mmoja alionekana nayo wiki nzima.

Mwaka 2015 akawa mkuu wa udobi. Wasichana sita aliowafundisha leo wana kazi zao, mpaka Iringa.

Mafao yake alijua yapo, ila kwa mshahara wa dobi alijua pia hayatamaliza nyumba aliyotaka kujenga. Ndiyo maana tangu 2008 bakshishi za wageni alikuwa ananunulia mitamba, mmoja mmoja, anawapeleka kwa rafiki yake Kitashu, mfugaji wa Msowero. Maziwa ya Kitashu, ndama wa Mama Happy. Karatasi hakuna. Kitashu alikuwa na sharti moja: ng'ombe hatoki bomani mpaka mwenye mali aje, anywe maziwa, aseme kwa mdomo wake.

Hapa inabidi nijitaje. Mimi Deo wa mapokezi, mwaka jana niliingia kwenye grupu la uwekezaji la kwenye simu. Walisema hela inazaa mara mbili kwa mwezi, na ukileta mtu unapata chako. Saruji na bati zilikuwa zimepanda, kila mtu ana haraka, mimi nikiwa mbele. Nikamwambia Mama Happy auze ng'ombe wote kumi na mmoja, hela aiweke humo. Akasema, "Ngoja nifikirie, mdogo wangu." Sikungoja. Nilikodi fuso, nikabeba mnunuzi, nikaenda Msowero nikasema Mama Happy ndiye katutuma. Ulikuwa uongo.

Kitashu alinipa kigoda. "Mama mzima?" Mzima. "Basi aje anywe maziwa." Nikapiga kelele, nikamwambia amepitwa na wakati. Akacheka. "Kunywa na wewe, Deo. Ila yako hayatoi ng'ombe."

Fuso likarudi tupu. Siku tisa baadaye grupu likafutika, na akiba yangu ya miaka sita nayo. Akiba ya Mama Happy ilikuwa Msowero inakula majani. Nilishukuru sana, lakini kwa mwaka mzima nilimwamkia huku natazama chini.

Agosti hii nikamweleza, pale kwenye kamba za kuanikia. Alianika mashuka manne. Kisha akasema, "Ungeniua, Deo." Nikakubali. Halafu akauliza kama najua kupiga bati.

Najua kidogo. Jumamosi zangu nne zimeishia juu ya paa lake kule Mabwerebwere. Nyumba imekamilika kwa ng'ombe saba, aliowauza mwenyewe, kwa mdomo wake. Wanne wamebaki, wanaendelea kuzaa.

Yeye ndiye aliyetaka haya yaandikwe. "Yaweke yote," aliniambia. "Wenzako nao wanashinda kwenye simu."

Mama Happy, asante kwa kutufundisha kazi, na asante kwa kunisamehe bila kunidekeza. Wote wa Tulia Msafiri tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na miaka mingi ya raha. Mvua zikianza ukaona tone limeanguka ndani, nipigie. Nitapanda.

Deo Nikolaus, Mapokezi