Thangapushpam Chelladurai, Mshonaji wa Mashati ya Kulowa

Dada yetu Thangapushpam alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika kijiji kimoja nje ya Tirunelveli, mtoto wa kwanza wa mzee Gnanamuthu, mgema wa mitende ya mivumo. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akaacha kwa sababu cherehani ilimvutia kuliko hesabu, wala hakulificha hilo. Alishona sare za shule maisha yake yote.

Tarehe 20 Mei 1974 aliolewa na Chelladurai, fundi wa pampu za maji, mtu mpole aliyependa mno samaki wa kukaanga. Wakajaliwa Jebaraj mwaka 1976, na baadaye Kirubavathi.

Jebaraj alizaliwa na ugonjwa adimu wa kurithi: mwili wake hautoi jasho, na meno yake ni machache. Kila kiangazi alishikwa na homa kali, na majirani wakasema ni mkosi. Siku moja akatumbukia kwenye birika la pampu, akatolewa mzima, homa imekwisha, anacheka. Tangu hapo mama yake akawa anamshonea mashati ya pamba nzito na kuyalowesha kila asubuhi. Mwalimu akamrudisha mtoto nyumbani kwa kosa la kulowesha benchi. Kesho yake dada akaenda mwenyewe, sari inachuruzika, akaketi kwenye benchi lile lile.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nasubiri kufukuzwa, mwalimu."

Mwalimu akakuna kichwa. "Basi nenda kamlete mwanao."

Habari zikaenea, na familia zenye watoto kama Jebaraj zikaanza kumbishia hodi. Aliwashonea watoto, akakaa na mama zao, maana wengi walisimangwa na wakwe. Mama mkwe mmoja alimwambia, "Ugonjwa huu kauleta huyu mwanamke."

Dada akamtazama mtoto vizuri. "Kweli, mama. Na pua hiyo imetoka kwenu, mbona mkweo halalamiki?"

Yule mama alicheka mpaka akaomba maji.

Jambo moja halikumtoka moyoni. Chelladurai alipofariki, Aprili 1990, wazee walisema kwenda makaburini na shati lililolowa ni utovu wa adabu. Jebaraj akabaki nyumbani, na baba yake akazikwa bila udongo wa mwanawe. Dada alililia hilo miaka mingi.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Kiangazi kilipoingia alituita kitandani, akasema siku zake zimekaribia.

"Dada, si usubiri mvua kwanza?" mdogo wake Swamidas akamtania.

"Nisubiri ili ninyi mstarehe? Nizikeni mchana, kama watu wengine. Na atakayekuja mkavu, mrudisheni nyumbani."

Alifariki usingizini, alfajiri ya tarehe 11 Mei 2024.

Ameacha mwana, Jebaraj, binti, Kirubavathi, wajukuu wanne, na mdogo wake Swamidas, anayesoma haya huku suruali imemganda miguuni. Ameacha pia watoto wote waliovaa mashati yake, ambao leo wamesimama mstari wa mbele, na hakuna anayewatofautisha nasi. Mchungaji naye kanzu yake inachuruzika. Udongo wa kwanza atautupa Jebaraj.

Apumzike kwa amani, mahali penye ubaridi.