Tunaomba Fundi Sikio Arudi Chumba cha Swichi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Maji. Meneja wetu wa kituo. Wazee wa mtaa. Ndugu wafanyakazi wenzetu:

Karibu

Karibu katika chumba chetu cha swichi. Utuwie radhi kwa joto na kwa viti vya kuazima. Umekuja kutuzindulia breka mpya ya pampu namba mbili, ile swichi kubwa inayowasha umeme wa pampu na kuukata panapotokea hatari. Tumeisubiri miaka mitatu.

Breka inavyofanya kazi

Kabla hujabonyeza kitufe cha kijani, turuhusu tukueleze kitakachotokea ndani, kama tulivyofundishwa na Fundi Sikio, aliyekuwa fundi umeme wa kituo hiki kwa miaka kumi na mmoja.

Injini ndogo hukaza springi ya kwanza, na ndoano ya chuma huizuia isifyatuke. Ukibonyeza kijani, ndoano inaachia, springi inafyatuka, ncha za shaba zinakutana, pampu inapata umeme. Mfyatuko huohuo unakaza springi ya pili, ya kuzimia, nayo inashikwa na ndoano yake. Kwa hiyo breka ikishawaka, nguvu ya kuizima tayari imo ndani, hata umeme wa kituo ukatike wote. Ikitokea hitilafu, koili, yaani sumaku ya umeme, inasukuma ndoano ya pili na ncha zinaachana kufumba na kufumbua.

"Ila ndoano ikiwa ngumu," alikuwa akituambia, "koili itasukuma mpaka iungue, na hamtaona ncha zikiachana."

Yaliyotupata

Miaka mitatu iliyopita, saa nne asubuhi, mota ya pampu namba mbili ilishika moto. Hatua mbili kutoka hapo alikuwa amesimama mwendesha pampu wetu, Bwana Kimya, mume wa Fundi Sikio. Breka ilipata amri ya kuzima, isizime.

Wengi wetu tulikimbilia mlangoni, hatutaficha. Fundi Sikio alikimbilia breka. Akagonga kwa kiganja kitufe chekundu, kinachosukuma ndoano ya pili bila koili. Ndoano haikuachia. Akagonga tena. Mara ya tatu ndoano ikaachia, na mumewe akatoka kwenye moshi na mkono ulioungua na uhai wake.

Kesho yake alifungua mtambo, akakuta grisi imekauka kama nta juu ya ndoano. Akaandika hivyo kwenye ripoti, akaongeza kwamba grisi mpya ilikuwa imeombwa mara tatu. Mwezi haukuisha, ikaja barua ya uhamisho: karakana kuu, safari ya siku mbili kwa basi, "kwa manufaa ya kazi."

Tulimsindikiza stendi. Bwana Kimya alimwambia, "Nenda, mke wangu. Binti nitamlea."

"Ukimsuka, usimkaze sana," akajibu mkewe, akapanda.

Tuliyofanikiwa

Tangu hapo kituo hakijasimama hata siku moja, lakini sifa si zetu. Kila Jumamosi Bwana Kimya humpigia mkewe, kisha huisogeza simu kwenye breka ya pampu namba moja, iliyobaki ikifanya kazi peke yake, wakati injini ikikaza springi.

"Inachelewa," sauti husema. "Angalieni brashi za injini."

Tukifungua, kweli vipande hivyo vya kaboni vimelika.

Binti yao ana miaka tisa. Huja kungoja zamu yake ya kuongea na mama. Siku moja alituuliza, "Kwa nini mashine ndiyo inaanza?" Siku hizi anaanza yeye.

Hata breka hii mpya tumeifunga kwa siku nne, Fundi Sikio akituelekeza kwenye simu.

Changamoto

Simu haichukui kila kitu. Ndoano inapoanza kuwa nzito hutoa sauti ndogo mno, na anayeijua yuko mbali, amepewa kazi ya kupanga vyuma chakavu. Ovaroli yake bado imetundikwa msumarini, nyuma ya mlango huu. Bwana Kimya huifua kila mwisho wa mwezi, eti ina vumbi. Hatujawahi kuliona vumbi hilo.

Maombi

Tulikuwa na maombi saba. Glavu, ngazi, feni na mengine tumeyaandika kwenye karatasi ya pembeni. Hapa tunasoma moja. Barua ya nne ya Fundi Sikio ya kuomba kurudi iko ofisini kwako tangu mwezi wa pili.

Bwana Kimya alipopata habari za risala hii alikuja juu. "Msinitie aibu mbele ya wakubwa. Andikeni anahitajika kazini, basi."

Tumemtii: anahitajika kazini. Na kwa kuwa yeye hatasema, tunasema sisi: anahitajika nyumbani.

Mungu akutangulie njiani, Mheshimiwa. Ufike kwako salama, na ukibisha hodi, aitikie yule unayetamani kumsikia.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Swichi,
Kituo cha Kusukuma Maji