Tablo Yenye Nilishika mu Kichwa

Bandugu yangu, benye tunatia dawa ya macho pamoja, munisamehe, mi nasimama hapa na kasirani. Kasirani ya mi mwenyewe.

Nilikuwa shofere wa kamyo kubwa ya mugodi, hapa Kolwezi. Kila mwaka balitupima macho. Sisi bashofere tulijiona benye akili mingi: mwenye kutoka kwa munganga alipitishia benye kungoja herufi zote za tablo, ile karatasi ya ukutani ya kupimia macho, na tulizishika mu kichwa. Jicho yangu ya kushoto ilikuwa imeanza kuingia ukungu. Lakini miaka ile batu ya Kasai, hata benye wazazi tu balitoka kule, kama mi, balikuwa banatafutiwa sababu ya kutolewa ku kazi. Mi niseme sioni? Balinifunika jicho ya kuume, nikasoma yote mbio, kama mutoto wa masomo. Munganga akaandika: bien, anaona muzuri. Miaka tatu vile. Munacheka, lakini nilijiibia mwenyewe.

Na kazi ile? Balitufukuza tu ku kazi na ku muji, sisi batu ya Kasai wote, benye macho mazuri na benye mabaya. Tulingoja treni kwa gare siku mingi, na batoto na masufuria, mpaka ikatufikisha Kasai, fasi yenye mi sikuzaliwa. Kule muke yangu alininyooshea sahani kwa upande wa kushoto, sikuiona, ikaanguka. Mara ya kwanza alinigombeza. Mara ya pili alilia, akanivuta mpaka ku munganga wa macho wa misyoni.

Ule mama munganga alinifunika jicho ya kuume, akaniambia nisome. Nikaanza herufi zangu za Kolwezi, mpaka ya mwisho.

"Tata," akasema, "tablo sijatundika bado. Unasoma ukuta."

Bandugu, niliona haya sana. Alipima presha ya ndani ya jicho: ilikuwa glaucome, ugonjwa wa presha yenye inaua jicho pole pole. Ya kushoto ilikuwa imekwisha kufa. Ya kuume, dawa ingeilinda, kila siku, maisha yote. Yenye ilipotea hairudi. Hii njo inanikasirisha mpaka leo: munganga alikuwako, dawa ilikuwako, na mi nilikuwa naficha.

Aksanti kwa ule mama. Aksanti kwa muke yangu, mwenye ananitilia dawa hata siku tumegombana. Nabaomba kitu moja: mwenye anakupima macho si polisi, usimudanganye.

Tangu tulirudi Kolwezi, napimwa hapa, na mama munganga mwingine. Juma yenye ilipita nilikuta tablo ile ile ya zamani. Herufi zake ningali nazijua zote. Nilifika ku mustari wa tano, nikasimama, nikasema: "Mama, hapa sioni."