Neno Organofosfeti Lilivyoingia Nyumbani Kwangu

Nilimsukuma mtunza stoo ya dawa za shamba mpaka kiti chake kikaanguka naye. Mwanaume mzima, na koti lake la kaki. Wamama wenzangu, msinitazame hivyo. Yeyote kati yenu angemsukuma. Mtoto wangu alikuwa hospitalini hapo Ahero, anatoa povu mdomoni, na mtu huyu ananiambia, "Mama, dawa ni dawa. Jina unalitaka la nini, unafungua duka?"

Ngoja niwaambie tangu mwanzo, maana wengi mlisikia ya sokoni tu.

Mtungi wa plastiki ulioleta haya yote nilinunua kwake. Sisi wote tunaolima mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji tulinunua. Dawa ya kunyunyizia wadudu ikiisha, mitungi mitupu inauzwa mlango wa nyuma, karatasi yenye jina na onyo imebanduliwa. Ni migumu, kifuniko kinakaza. Unausugua kwa mchanga na jivu, unatia maji ya moto, unaanika, unanusa. Haunuki? Basi, ni wako. Wangu niliutumia kuwekea maji muda mrefu na hakuna aliyeugua. Ndipo nikaanza kulaza humo maziwa ya mtoto.

Asubuhi hiyo alikunywa kikombe kimoja. Hata sikuwa nimemaliza kufagia, nikamwona amekaa chini, mate yanamtiririka kama maji. Jasho, machozi, akajiharishia. Miguu inachezacheza yenyewe. Nikamfunua jicho: mboni imekuwa tundu la sindano. Nikamnyanyua kifuani.

Mama mkwe akaingia, akaniita binti wa kwetu Nyakach kama kawaida yake. "Nyar Nyakach, hii ni sihoho. Kuna mtu ametazama chakula chake kwa jicho baya. Twende kwa yule mama wa kukanda tumbo akitoe hicho chakula."

"Mama, anapumua kama mtu anayezama!"

"Na hospitali wanajua sihoho?"

"Basi wewe beba shuka, mimi nabeba mtoto."

Alinifuata akinung'unika njia nzima, lakini alinifuata. Kifua cha mtoto kilikuwa kinakoroma mgongoni kwangu, na kila kilipotulia kidogo nilikufa kidogo.

Daktari alimtazama macho, akauliza amekula nini. Nilipotaja mtungi, uso wake ukabadilika. "Nadhani naijua hii. Lakini sindano ninayotaka kumdunga, nikikosea, nayo ni sumu. Stoo iko karibu, kimbia. Sitaki jina la biashara, nataka la kemikali. Huwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi ya mtungi."

Nikakimbia. Nikamwomba mtunza stoo kwa heshima, "Bwana, tafadhali." Akaendelea kutafuna njugu. Nikapiga magoti. Akasema kina mama wa siku hizi hawajui kuosha vyombo. Kisha ndipo akasema lile la duka. Na kiti kikaanguka.

Ndani nikaona mtungi kama wangu, umejaa, karatasi bado ipo. Nikasoma: organofosfeti. Jameni, mimi nimesoma sekondari. Fosfeti naijua, ni mbolea, mwalimu alituandikia ubaoni. Moyo ukatulia: kumbe ni mbolea tu! Karibu nirudi natembea. Halafu nikaona fuvu limechorwa chini ya lile neno. Sijui miguu ilinifikishaje hospitalini.

"Organofosfeti," nikasema mlangoni. Daktari hakuuliza lingine. Akamdunga atropini, ile sindano aliyoihofia, akangoja, akamdunga tena, anamtazama mdomo kama utakauka. Mama mkwe ameshika nyayo za mtoto, anaomba kwa Dholuo, na sihoho haitaji tena. Kisha mdomo ukakauka. Mtoto akalia. Kilio kibaya, cha hasira. Nikakaa sakafuni.

Baadaye daktari alinieleza, nami nawapa kama nilivyopewa. Ile fosfeti ya mbolea ni chumvi ya madini. Hii ni fosforasi iliyofungwa pamoja na kaboni, na kazi yake ni kuua wadudu kupitia neva. Neva zikishatuma ujumbe, mwilini kuna kitu cha kuuzima. Organofosfeti inakikamata kitu hicho, basi ujumbe hauzimiki: mate hayakomi, jasho halikomi, misuli inatetemeka mpaka kupumua kunashindikana. Si dawa moja, ni ukoo mzima, wenye majina mengi ya biashara. Na plastiki inainywa. Maji hayaitoi vizuri, ila mafuta ya maziwa yanaivuta.

Mtoto yuko mzima. Mimi bado. Akicheza akitoka jasho, namwita nimfunue macho. Ananikimbia, anadhani nimerukwa na akili.

Nawashukuru daktari na wauguzi, na mama mkwe aliyebeba shuka. Nanyi mliotuletea uji, Mungu awaone. Ninachowaomba ni hiki: mtungi usiojua ulibeba nini, usiusugue. Uuache.

Na kwa wale wanaosema nilipiga kelele tu nikanyamaza, haya ndiyo niliyopeleka afisi ya afya, wakapiga muhuri mbele yangu:

"Mimi, mama wa mtoto aliyelishwa sumu, nalalamika rasmi kwamba stoo ya skimu inawauzia wananchi mitungi ya organofosfeti baada ya kubandua onyo lake. Nalalamika pia kwamba mtunza stoo alininyima jina la sumu mtoto wangu akiwa anakufa. Nataka mitungi yote itobolewe kabla ya kutoka stoo. Nataka onyo liandikwe ukutani kwa Kiswahili na Dholuo. Nataka jibu kwa maandishi, na nitakuja kulichukua mwenyewe, nikiwa na mtoto."